Baba mkwe ndiye mkalimani

Bochaberi, mama ameniambia jambo leo, nimechoka kabisa.

Mwaka wa sabini na mbili alikuwa mjamzito, akaanza kutoka damu. Akatembea mpaka kliniki. Nesi alikuwa mgeni, anajua Kiswahili tu, mama naye alijua Ekegusii tu.

Nesi akamwita mfagiaji atafsiri. Mfagiaji ni baba mkwe wa mama!

Baba mkwe, Bochaberi! Na chinsoni zetu, hiyo miiko ya heshima, unazijua: huwezi kumtajia baba mkwe damu, hata ukifa.

Mzee akaangalia ukuta, akauliza, “Unaumwa wapi?”

Mama akasema, “Kichwa.”

Kichwa! Akapewa aspirini, akashukuru, akarudi nyumbani Ekerenyo.

Mimi si ndiye kifungua mimba? Nikamuuliza, “Mimba hiyo ilikuwa mimi?”

Akaendelea kumenya ndizi.

“Wewe ulikuja baadaye.”