Korongo Si Bahari

Mpwapwa, Jumanne jioni

Wimbi la kwanza la mafuriko lilipopita, nilimwambia korongo si bahari, akanicheka. Mnyapara huyu wa msafara wa Wadachi ni mtu wa pwani. "Mwalimu, mimi nimekulia kwenye mawimbi. Likishapita kubwa, tunaingia."

Nilichomeka kijiti ukingoni, kama baba alivyonifundisha. Maji yalikuwa bado yanakipanda. Basi nikawazuia wapagazi kwa mikono miwili, ingawa mnyapara ana kiboko.

Mara likaja wimbi jingine, kubwa kuliko lile, limebeba magogo. Kijiti kikaenda nalo.

Mnyapara akavunja kijiti kingine, akanipa mwenyewe. "Chomeka, mwalimu. Tutavuka ukisema."

Alasiri maji yalikiacha kijiti, nikasema, wakavuka wote. Naona moto wao ng'ambo.

Misheni hutufundisha tusijivune. Nitatubu Jumapili. Leo bado Jumanne.