Muhuri wa Sakania

Papa,

Nimeurudisha muhuri wako. Uko hapa mezani kwangu Berchem, ndani ya kile kitambaa cha Mama, nami nakuandikia kabla hasira haijapoa.

Ulipofariki mwaka jana, watu wa maonyesho fulani karibu na stesheni ya Gare du Nord, hapa Bruxelles, waliniomba niwaazime huo muhuri. Maonyesho juu ya biashara ya koloni. Nikaona ni heshima kwako, nikatia sahihi bila kuuliza wataandika nini chini yake. Kosa ni langu. Nisamehe.

Siku ya ufunguzi nilivaa kile kitenge ulichoninunulia. Nikaukuta muhuri ndani ya kioo, umewekewa taa kama mfupa wa mtakatifu. Kibao kikasema: karani Mkongo akiidhinisha mizigo, koloni ilisimamia yenyewe biashara yake na nchi za nje.

Yenyewe! Nilicheka mpaka bwana mmoja akashusha glasi yake ya divai, akaniangalia.

Wewe uidhinishe nini, Papa? Muhuri ulilala kwenye droo ya Mzungu, mkuu wa forodha pale mpakani Sakania. Akishasaini yeye, unapewa ugonge, kisha unaurudisha. Ulikuja kuwa wako siku alipokimbia akaacha ufunguo mlangoni. Na yale mahindi ya shamba lako? Wanunuzi walikuwa ng'ambo ya mpaka, unafika kwa baiskeli kabla jasho halijakauka. Ila ruhusa ya kuyauza ilipaswa kutoka huku Bruxelles, kwa waziri ambaye hajawahi kubeba gunia. Mkangoja. Ruhusa ilipofika, fukusi walikuwa wameshayala, hata kuku waliyakataa.

Tangu hapo kila jambo lililokufa nyumbani kwetu ulilizika kwa maneno yaleyale. Fundi ameacha paa nusu, mchumba wa dada amenyamaza, wewe unasema tu: "Bon, barua ilisha kwenda Bruxelles." Ndiyo maana nilipopata nafasi ya kusoma huku, Mama alilia siku mbili. Sisi tulimcheka.

Basi nikamtafuta mkuu wa maonyesho, kijana mpole, viatu vinang'aa. Nikamweleza yote, habari ya droo, habari ya mahindi. Akatikisa kichwa kwa huruma, ile huruma yao ya bure. Akasema niandike ombi, kamati italijadili, nisubiri miezi michache.

Papa, nilikuwa nimesimama Bruxelles kwenyewe, na bado natakiwa kuandika barua Bruxelles. Watu hawa wa maonyesho wamesoma mpaka macho yameingia ndani, lakini hakuna hata mmoja aliyejiuliza ufunguo wa droo alikuwa nao nani.

Nikamwambia afungue kioo. Karatasi niliyosaini inasema mwenye kitu anaweza kukichukua siku yoyote. Safari hii nilikuwa nimeisoma. Akafungua, nikauchukua. Kibao chao kimebaki pale, kinasifu mamlaka chini ya kioo kitupu. Sikuwaomba wakiondoe.

Nimekukumbuka sana, Papa. Ningekupigia simu usiku uleule, ungecheka mpaka ukohoe.

Lala salama. Mavuno yakifika nitakuja Sakania. Nitagonga muhuri wako kwenye gunia la kwanza la shamba lako, kwa mkono wangu, na nitamuuzia mtu wa ng'ambo siku hiyohiyo. Sitamwandikia mtu barua.

Mtoto wako,
Béa