Shafti Mpya, Mashuka Machafu

Mwanangu fundi,

Chai iko kwenye chupa. Tafadhali loweka tena mashuka kabla mama yako hajarudi.

Jana uliniambia nitie alama kabla ya kuchomoa ile shafti ya usukani iliyolika meno, ili mpya ikae vilevile. Nikakujibu kwamba nilianza kuendesha lori hili kabla hujazaliwa. Basi leo asubuhi nimefunga shafti mpya na kutoka kwa madaha. Usukani ulinyooka vizuri, ila magurudumu yalitazama kwa jirani. Nikaivaa kamba yetu ya kuanikia nguo nzima nzima, pamoja na mashuka ya mama yako. Jirani akauliza, “Siku hizi umekuwa dobi?”

Nimekwenda kununua kamba, kwa miguu.

~~Lori usiliguse, nitalitengeneza mwenyewe.~~ Ukipata nafasi, njoo unifundishe. Nitashika tochi na kunyamaza.

Baba yako, dereva mzoefu