Mji Haukukuhesabu

Mpendwa dada,

Jana kwenye mkutano wa mtaa hapa Msalato nesi alisimama akatupa habari njema: mjini kwetu vifo vya kinamama wakati wa kujifungua vinapungua, wengi wanaokufa sasa ni wazee. Watu wakapiga makofi. Mimi mikono ilibaki mapajani. Nilikuwa nakuwaza wewe.

Kliniki yako yote ulihudhuria hapa hapa. Hospitali haikuwa mbali, nawe ulijigamba kwamba uchungu ukikushika utakwenda huku unatafuna karanga. Lakini ilikuwa mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza mtu huenda kujifungulia kwa mama yake. Mama akapiga simu kutoka kijijini Mlali, shemeji akakubali, ukafunga begi. Hakuna aliyekulazimisha. Sote tuliona ni heshima, na mwenyewe ulikuwa na hamu ya mlenda wa mama. Pale stendi ukaniambia, "Khanga zangu usiziguse. Nikirudi nazikagua!"

Ulijifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Gari lilipopatikana ulikuwa umeshatuacha.

Mwaka uliofuata bibi yetu akaletwa mjini kutoka Mlali kutibiwa moyo, akafia hospitali ya hapa. Ndiyo maana hesabu ya nesi imenichoma. Bibi wa Mlali yumo katika wafu wa mji, na wewe wa mjini umo katika wafu wa kijiji. Najua nesi hana kosa. Lakini sikuweza kupiga makofi, dada, wakati wewe ulikwenda kufia kwingine.

Nami sasa nina mimba, ya kwanza. Ungenicheka ninavyotembea kama bata. Leo asubuhi mama kanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Miezi ndiyo hiyo inakaribia. Unakuja lini?"

Nikasema, "Mama, naogopa. Safari hii njoo wewe."

Nilimsikia mwanao nyuma yake akifukuza kuku. Nikajua nimemuumiza, maana nani asiyejua ninaogopa nini?

"Nitakuja," akasema. "Nitakuja na unga wa uwele, na huyu mtoto wa dada yako." Kisha akaongeza, "Na yule dada yako, ni mimi ningemfuata huko mjini."

Tangu tukuzike hajawahi kulitamka hilo. Nililia, naye alilia, na mwanao akawa anauliza bibi yake ana nini.

Wanakuja Jumamosi. Nimezitoa khanga zako sandukuni nikazifua zote. Mama atajitanda moja, mwanao atajifunika nyingine, na ile ya njano uliyokuwa unainyima hata jua nitaibeba mimi hospitali.

Nimezigusa, dada. Laiti ungerudi kuzikagua.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwacha stendi.