Silinda Sita Kwenye Tope

Gati, shika simu! Kaka yako Heche na mume wangu Ogada wameniaibisha leo!

Si unajua tangu wapate dhahabu Kemambo kila mmoja kanunua gari la zamani la mashindano? Asubuhi tunaweka mafuta hapa Nyamisangura, Ogada akaanza: "Datsun yangu silinda sita, nguvu farasi mia na hamsini. Celica yako silinda nne!"

Heche akajibu, "Yangu nyepesi. Kwenye kona nakuacha."

Wakaamua kushindana hadi kwa mama mkwe wangu. Na mimi nimo ndani ya Datsun na gauni la kanisani!

Gati, jana mvua ilinyesha. Hatujafika mbali, zote mbili zikazama kwenye tope.

Akina mama waliokuwa wanapita wakaisukuma Celica, ikatoka. Datsun ikagoma. SILINDA SITA, Gati! Kaka yako akapiga honi, akaenda zake!

Nikafika kwa mama mkwe peku, viatu mkononi. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Dhahabu yote hiyo, na bado unatembea?"

Mwambie Heche kashinda. Ila Ogada asijue ni mimi niliyesema.