Mlango wa Saba Uko Stoo

Wewe unayesoma, ulikuwepo. Ulikaa kwenye benchi la hospitali ukisubiri kuitwa, ukaliona pengo pale ukutani, ukainamia simu yako. Basi subiri tena kidogo. Kwanza tunasema na baba.

Baba, leo umetimia mwaka tangu utuache, na pengo bado lipo.

Mtaa wetu ulipobomolewa, wenzako waliokota mabati. Wewe ulibeba milango saba, na bawaba zake. Ulikuwa fundi rangi wa nyumba za watu. Kuchora hukufundishwa na yeyote. Ukachora juu ya milango hiyo nyumba zetu zilizovunjwa: paa likawa pembetatu, dirisha likawa mraba wa buluu, na katikati ukatia mapambo ya mikeka ya bibi. Mstari mmoja mwekundu ulianzia mlango wa kwanza ukapita yote bila kukatika, kama ukili wa kushonea mkeka mkononi mwa bibi. Ukaipa hospitali milango yote bure, ikatundikwa ukutani mbele ya benchi, wagonjwa wapate cha kutazama.

Wakakuita Mzee Pembetatu. "Sasa mtu yuko wapi hapa?" karani wa mapokezi akakutania. "Kaa, mwanangu," ukamjibu. "Ukichoka kumtafuta mtu, utaiona nyumba yenu." Kila Ijumaa ulikwenda na kitambaa kibichi kufuta vumbi, ukisalimia benchi zima, mmoja mmoja. Subira hiyo hatukuirithi.

Kisha stoo ya ndoo ikakosa mlango. Msimamizi wa hospitali hakwenda mbali. "Si huu hapa una bawaba tayari?" Akaung'oa wa saba, akatoboa tundu la kitasa katikati ya mkeka wa bibi.

Tulipokuleta umelala kwenye kitanda cha magurudumu, ukatusimamisha mbele ya stoo. Ukausukuma kwa kidole. "Angalau haulii. Mafuta nilitia mwenyewe." Hatukuweza kucheka. Ukamshika bintiyo mkono: "Mama, mstari unaishia hewani. Urudisheni." Siku ya tatu ukaondoka.

Tumeandika barua tatu. Msimamizi akatujibu kwa mdomo tu: "Na stoo je, ikae wazi?" Haya, mwanao akachonga mlango mpya, mbao ngumu, na komeo lake. Wakaukataa. Eti haujapakwa rangi! Walioung'oa wako wanachagua rangi!

Haipiti siku bila jina lako kutajwa nyumbani: na mkeo, ambaye bado anakunja kitambaa chako kila Ijumaa, mwanao seremala, bintiyo mshona nguo, shemeji yako, ambaye hajaacha kugomba, na wajukuu zako watano.

Sasa wewe wa kwenye benchi. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, tunaubeba mlango mpya hadi stoo, na wa baba unarudi ukutani. Ni mzito, unataka watu wanne. Wa kubeba tuko watatu. Weka simu mfukoni, uje ushike kona ya nne.