Uhamisho Tulioukataa

Kagoma, Muleba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepunguza kuuma na kwamba mvua imeikumbuka Kongwa. Sisi huku tu wazima: mimi, baba Eliya, na mjukuu wako Eliya, ambaye sasa anakimbia kuliko kuku.

Mama, uliponiuliza kwenye simu kuhusu uhamisho wa baba Eliya kurudi huko Kongwa, nilizungusha maneno. Uhamisho ulikubaliwa. Tumeukataa.

Usimwambie anayekusomea aache, nisikilize kwanza.

Tulipofika hapa, baba Eliya alikuwa akienda shuleni kufundisha, mimi najifungia ndani na cherehani yangu. Nilipika ugali wa uwele na mlenda mkavu ulionitumia, nikingoja tu siku ya kurudi. Masika yakaja, unga wote ukaota ukungu. Nikauanika uani, mara manyunyu. Nililia, Mama, kwa ajili ya unga.

Jirani yetu Ma Kokugonza, mjane mwenye shamba la migomba na kahawa tunalopakana nalo, akanikuta pale.

"Waitu, ndugu yangu, kuna msiba?"

Nikamwonyesha unga. Hakucheka. Aliondoka, akarudi na mkungu wa ndizi na visu viwili.

"Kaa chini. Kumenya ndizi hakuhitaji Kihaya."

Siku ile tulikula ebitoke, ndizi zile za kupika, na maharage, sote tukichota kwenye jani moja. Utomvu ulinigandia mikononi, haukutoka hata kwa sabuni. Tangu hapo akiniita naenda: kuchuma kahawa, kwaya ya Kilutheri ambako naimba maneno nisiyoyajua yote, hata senene, wale panzi wa huku, nimekula. Ni watamu, ila baba usimwambie. Kwenye msiba wa jirani nilikaa na akina mama kumenya ndizi, mgeni mmoja kutoka Bukoba akauliza mimi ni binti wa nani. Ma Kokugonza akawahi kujibu: "Wangu."

Basi barua ya uhamisho ilipofika, baba Eliya aliiweka mezani.

"Tuliomba wenyewe," akasema. "Tufunge mizigo?"

"Wewe unatakaje?"

"Mimi nimeshapazoea. Lakini mama yako?"

Ni kwa ajili yako tulichelewa kuamua, Mama, wala si kwa jambo jingine. Nilikuwaza ukiwa peke yako jikoni, nikataka kusema twende. Kisha nikajiuliza tutaondoka mara ngapi maishani. Tangu niolewe nimekuwa mtu wa kungoja kuhama. Hapa ndipo nimeanza kuishi. Sitaki Eliya naye akue akingoja.

Kama umeumia, niambie. Usininyamazie.

Shule zikifungwa baba Eliya atakuja kukuchukua uje utembee huku. Chumba kipo, na baridi ya hapa si ya kutisha.

Msalimie baba, na dada yangu mkubwa pamoja na wanawe. Mdogo wangu wa kiume anayekusomea barua hii nampongeza, ila asiruke sehemu yoyote. Shangazi mwambie gauni lake linakuja.

Nilimweleza Ma Kokugonza kwamba nakuandikia, na kwamba naogopa. Akaacha jembe, akafikiri kidogo.

"Mwambie sijamnyang'anya mtoto," akasema. "Nimemshikia tu mpaka mama yake afike."

Ni mimi binti yako,
Mama Eliya